Macho Relini: Fani na Hadhira katika Sanaa ya Umma Kibera

Makala haya yanahakiki kazi ya sanaa ambayo haikukamilika ila kwa nukta chache. Mwaka 2009, msanii Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR alibandika picha kubwa za macho ya wanawake wa Kibera ubavuni mwa mabehewa ya gari moshi. Sehemu za chini za nyuso hizo, yaani pua na midomo, ziliwekwa kwenye mabati katika mteremko ulio chini ya reli. Gari lilipopita, macho yalikutana na midomo na sura ikatimia. Lilipokwenda zake, sura ikavunjika.

Kifani, ubunifu huu una uzito. Reli ya Kibera iling'olewa na watu wenye hasira mapema mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Basi palipokatwa ndipo palipoungwa. Hata hivyo, suala la hadhira linabaki. Abiria aliyeketi ndani ya behewa hakuyaona macho yaliyombeba. Picha nyingine zilifunika mapaa yenye eneo la takriban mita mraba 2000, na hizo zilimfaa zaidi mtazamaji aliye juu. Mwenye nyumba alilala chini ya uso asioweza kuuona. Je, msanii alisema na Kibera, au alisema juu ya Kibera?

Tumlinganishe na Solo 7, msanii wa Kibera kwenyewe, ambaye wakati wa ghasia zile zile aliandika kwa rangi, ukutani na kwenye mabati, maneno ya kuhimiza amani. Fani yake ni sahili mno. Lakini msomaji wake ni mpita njia, na maandishi yako mkabala na macho yake.

Pamoja na hayo, haki itendeke. Picha za mapaani zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji, nazo zikazuia mvua. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kazi ya JR ilipompata mwenyeji: maudhui yakawa hifadhi. Kwa hiyo, sanaa ya namna hii ikipelekwa kesho Kawangware au kwingineko, mhakiki asiulize tu inavyopendeza pichani. Aulize kwanza: aishiye chini yake anapata nini?