Bosi Asiyefoka

Bill Lumbergh hafoki. Hapigi meza, hamwiti mtu mjinga, hata kumtisha mtu kwamba atamfukuza hana haja. Anakuja taratibu, kikombe cha kahawa mkononi, anaegemea ukuta mfupi wa kizimba chako cha ofisini, anakuuliza habari bila kungoja jibu, kisha anaanza sentensi inayokokota miguu kiasi kwamba unaujua mwisho wake kabla yeye hajaufikia. Ni ombi. Kwa Lumbergh kila kitu ni ombi, ila ombi lisilo na nafasi ya kukataa.

Huyu ni mkubwa mmojawapo wa Initech, kampuni ya kubuni ya programu za kompyuta katika filamu ya Marekani iitwayo Office Space, iliyoandikwa na kuongozwa na Mike Judge na kutoka Februari 1999. Anachezwa na Gary Cole. Vichekesho vya ofisini ni vingi, na vingine vilivyofuata vimepata jina kubwa zaidi. Lakini kwa mtu anayependa kufumua kazi nzuri aone ilivyoshonwa, Office Space bado ni darasa. Siri yake ni moja: Judge huiacha kila kero ibaki na ukubwa wake halisi. Haikuzi ili ichekeshe. Anaisogelea, anaitazama, anairudia, mpaka inachekesha yenyewe.

Mtaji wa kazi hiyo alikuwa nao. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, akafanya kazi ya uhandisi kwa muda kabla ya kujifunza mwenyewe kutengeneza katuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza katuni fupi za karani aitwaye Milton, mtu wa kunung'unika chinichini huku bosi wake akimbughudhi kwa upole; zilionyeshwa kwenye kipindi cha Saturday Night Live, na filamu ikachipuka humo. Mchora katuni anajua jinsi ya kumjenga mtu kwa vitu vichache. Lumbergh ni sauti na kikombe. Milton ni miwani minene, mnung'uniko na stepla nyekundu. Hakuna anayesimuliwa utoto wake wala ndoa yake, na hakuna mtazamaji anayelalamika.

Chukua lile onyesho la karatasi ya jalada. Peter Gibbons, mtaalamu wa programu anayechezwa na Ron Livingston, amesahau kuweka karatasi mpya juu ya ripoti zake. Ripoti hizo zinaitwa TPS, na filamu haijisumbui kutueleza zinaripoti nini. Wala wanaoziandika hawaonekani kujali. Lumbergh anakuja kumkumbusha kwamba kuna waraka ulitolewa. Peter anajibu kwamba anao, huu hapa, alipitiwa tu. Lumbergh anaahidi kumletea nakala nyingine, anaondoka. Anakuja mkubwa wa pili na habari ileile, kwa upole uleule. Kisha simu inalia, na ni habari ya karatasi tena. Muda wote huo mwanamke wa kizimba cha jirani anapokea simu kwa maneno yaleyale, kwa uchangamfu uleule wa kukariri.

Mwandishi mwenye pupa angempa kila bosi kioja chake: mmoja kigugumizi, mwingine kitambi, wa tatu hasira. Judge habadilishi kitu, kwa sababu kichekesho kimo humo humo katika kutobadilika. Peter anapokuja kusema baadaye kwamba ana mabosi wanane, hatuoni kama anatia chumvi. Kwa kosa moja la karatasi tumeshaanza kuwahesabu wenyewe.

Uvumilivu huohuo umo katika onyesho la Ijumaa. Peter anajua kwamba akikutana na Lumbergh kabla ya kufika mlangoni, Jumamosi yake imekwenda. Anataka kuzima kompyuta atoroke, lakini kompyuta lazima ihifadhi kazi kwanza. Mstari unajaa pole pole kwenye skrini, unafika mwisho, halafu hatua nyingine inaanza. Peter anachungulia juu ya ukuta wa kizimba. Kamera inarudi kwenye skrini. Kichwa cha Lumbergh kinapita kwa mbali. Hizi ni mbinu za filamu za kutisha, zimeletwa hapa bila kupunguzwa, ila kinachowindwa ni mapumziko ya mfanyakazi mmoja. Skrini inazimika, Peter anageuka, na kikombe cha kahawa kimeshafika. Jumamosi inaombwa. Lumbergh anapiga hatua ya kuondoka, anakumbuka kitu, anaiomba na Jumapili, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Baada ya kutufikisha hapo, njia rahisi ingekuwa kumlipua Peter: apande juu ya meza, awatukane wakubwa, avunje kioo. Judge anafanya jambo gumu zaidi. Anampeleka Peter kwa mtaalamu anayetuliza watu kwa maneno hadi wazame kwenye hali ya nusu usingizi. Mtaalamu anamtuliza, kisha anaanguka na kufa kabla ya kumrudisha. Tangu hapo Peter hana hasira. Hana wasiwasi pia. Jumamosi analala, simu inalia, Lumbergh anaacha ujumbe juu ya ujumbe, naye anajigeuza upande wa pili.

Uasi wake wote unaanzia hapo, na ni uasi wa mtu aliyeacha tu kujali. Anaegesha gari kwenye nafasi ya Lumbergh. Anampasua samaki juu ya meza ya kazi, na ripoti ziko chini yake. Anafungua skrubu za kile kitasa cha mlango kilichokuwa kikimpiga shoti. Anauangusha ukuta wa kizimba chake, na nyuma yake kuna dirisha. Kitasa tulishakiona mapema kikimuuma; ukuta tulishauona ukimzuia. Kila anachokiondoa kilikuwa kimetayarishwa, kwa hiyo bisibisi inapogusa skrubu mtazamaji anapumua pamoja naye, bila hotuba yoyote.

Fundo lenyewe ni hili. Kampuni imeleta washauri elekezi wawili, wote wakiitwa Bob, kuamua nani apunguzwe kazi. Wafanyakazi wengine wanajitetea mbele yao kwa jasho. Peter anaketi kwa starehe, anawaambia kwamba kwa wiki anafanya kazi ya kweli kama dakika 15, na kwamba kinachomsukuma ni kutaka tu asisumbuliwe. Washauri wanavutiwa, huyu ni mtu wa uongozi. Wenzake wawili wanaojituma, Michael na Samir, ndio wanaopangiwa kuondolewa. Hata mpangilio huo Judge haupigii kelele. Anawaacha akina Bob waendelee kuandika kwenye karatasi zao.

Mara moja tu anakubali kukuza kitu, na anajua kwa nini. Printa ya ofisini imewakwamia Peter, Michael na Samir mara nyingi, ikitoa ujumbe usioeleweka na binadamu. Wanaichukua, wanaipeleka uwanjani, wanaiponda kwa gongo na mateke, kwa picha za mwendo wa pole, huku muziki wa kundi la rapu la Geto Boys ukivuma. Imepigwa picha kwa namna ya mauaji ya magenge katika sinema. Michael akishavutwa pembeni bado anarudi kumalizia kwa ngumi. Onyesho hilo lina nguvu kwa sababu saa nzima iliyotangulia haikupandisha sauti.

Kuna jicho jingine la kifundi katika mgahawa wa Chotchkie's, anakohudumu Joanna, aliyechezwa na Jennifer Aniston. Wahudumu hutakiwa kuvaa beji za kuchekesha zisizopungua 15. Joanna anazo 15 kamili. Meneja anahuzunika: mwenzake anazo 37. Joanna anauliza kama anatakiwa aongeze, na meneja hataki kusema hivyo; anataka Joanna atake mwenyewe. Meneja huyo anachezwa na Judge. Hapo filamu inagusa kiini cha ukubwa wa kisasa kazini: kutii hakutoshi, unadaiwa na furaha ya kutii.

Na Milton? Milton, kwa uigizaji wa Stephen Root, ndiye anayebeba uzito wote ambao Peter ameutua. Aliachishwa kazi miaka mitano iliyopita bila mtu kumwambia, na kwa hitilafu ya malipo mshahara ukaendelea kuja. Akina Bob wanarekebisha hitilafu. Kumwambia mtu haionekani kuwa lazima. Keki ya siku ya kuzaliwa inapita mikononi mwake kwenda kwa wengine, na ikiisha hajapata kipande. Anahamishiwa chini ya jengo, anaombwa ashughulikie na mende. Stepla yake inachukuliwa. Root anasema vitisho vyake kwa sauti ndogo kiasi kwamba hakuna anayevisikia, na humo ndimo Judge alimoficha mwisho wa filamu: aliyekuwa akinung'unika kwamba atalichoma jengo analichoma kweli.

Si kila kitu kimekaa sawa. Mpango wa wizi, ambao Peter na wenzake wanachota vijisehemu vya senti kwenye miamala hadi kosa la desimali linawalundikia zaidi ya dola 300,000, unaifanya sehemu ya mwisho kukimbia kwa miguu ya filamu nyingine. Mapenzi ya Peter na Joanna nayo ni mepesi. Ila hata wizi una faida moja: mara tu uasi unapogeuka kuwa mradi, hofu inarudi, na Peter anaanza tena kutazama nyuma ya bega.

Kwenye majumba ya sinema filamu haikutikisa. Iligharimu dola milioni 10 hivi, na mauzo ya tiketi Marekani yakazidi kiasi hicho kidogo tu. Kanda za video, DVD na televisheni ndizo zilizoifikisha kwa wenyewe, yaani watu wa vizimbani. Stepla ya Milton ilikuwa imepakwa rangi kwa ajili ya filamu, kwani Swingline, kampuni iliyoitengeneza, haikuwa ikiuza nyekundu ya namna hiyo. Watazamaji walizitafuta sana, na baadaye kampuni ikaanza kuziuza.

Kwa waandishi wetu wa vichekesho funzo liko wazi. Bosi wa michezo yetu mara nyingi ni kitambi na kufoka, na tunamsahau tukishazima televisheni. Ofisi zetu zina malighafi bora zaidi: faili ambalo liko ila halionekani, mhusika aliyetoka kidogo tangu asubuhi, sahihi inayomngoja mkubwa aliyeko semina, mhuri uliofungiwa kabatini na funguo zimekwenda likizo, "njoo kesho" inayotamkwa kwa tabasamu. Hakuna cha kuongeza humo. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa kwenye benchi la wageni na daftari lake, asubiri kama wengine wanavyosubiri, na akiandika asimpandishe sauti mtu yeyote.