Heko kwa Waandishi wa Viwango

Chai ya Kisondela, nchini Tanzania, huchumwa majani mawili na chipukizi, lakini sokoni hupimwa kwa maandishi. Kiwango cha kimataifa cha chai nyeusi, ISO 3720, kinataka dondoo ya maji isiyopungua asilimia 32. Toleo la 2011 likaongeza sharti la polifenoli. Tarakimu moja ikisogezwa ovyo, shehena nzima hukwama bandarini.

Ndiyo maana nawaheshimu mno wanakamati wa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1975. Huandika rasimu, huiweka wazi ipate maoni, hupima kila hoja, hata ya mkulima mdogo. Nawapigia makofi zaidi wanaokubali kulifungua upya andiko walilokwisha kulipitisha wenyewe.