Gia Moja kutoka Isebania hadi Mbita

Anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya kilomita 200 kwa baiskeli hushauriwa atafute gia nyingi kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Ushauri huo una nia njema, ila unaanzia mahali pasipofaa. Kinachowaangusha wageni wengi katika safari ndefu si mlima. Ni mbio za saa mbili za mwanzo, wakati asubuhi ingali na ubaridi na miguu inadanganya kwamba itakuwa hivyo hivyo hadi jioni. Baiskeli ya gia moja, hasa ile isiyo na friwili, ambayo pedali zake huzunguka kila gurudumu la nyuma linapozunguka, humzuia mtu asijimalize mapema. Ndiyo maana naiona kuwa chombo bora cha kujifunzia mwendo mrefu, na naamini barabara za Migori na Homa Bay zimehifadhi elimu yake kwa miaka mingi bila wapenzi wa mashindano kuitambua.

Ushahidi wa kwanza ni hesabu tupu. Chukua baiskeli ya inchi 28, zile za chuma tunazoziita Black Mamba, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali huisogeza karibu mita tano na nusu. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ambao hata mtu wa makamo anaweza kuudumisha, unakwenda kama kilomita 19.6 kwa saa. Ukitaka 30 lazima uzungushe zaidi ya mara 90, na mwili wenyewe utakukumbusha upunguze. Sasa linganisha na masharti ya odaksi, zile safari ndefu zisizo za mashindano zenye muda maalumu wa kumaliza: kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu, yaani wastani usiofika hata kilomita 15 kwa saa. Mwenye gia moja akitulia kwenye mizunguko yake 60 anamaliza kwa saa kumi na dakika chache za kuendesha, na anabakiwa na zaidi ya saa tatu za kula, kunywa na kunyoosha mgongo. Mashine imempangia mwendo. Aliyepewa gia 20 lazima aupange mwenyewe, na siku ya kwanza hana kipimo cha kuupangia.

Historia nayo iko upande huu. Paris–Brest–Paris, mama wa safari hizi, ilianza mwaka 1891 ikiwa na kilomita zipatazo 1,200, na Charles Terront aliishinda kwa muda wa saa 71 hivi, kabla friwili haijaenea. Hata Tour de France ilikataza vibadilisha gia hadi mwaka 1937. Mwendo mrefu haukungoja gia nyingi zivumbuliwe ndipo uzaliwe.

Lakini ushahidi ninaouthamini zaidi uko karibu na ziwa, huko huko Migori na Homa Bay. Kabla pikipiki hazijatapakaa, hasa baada ya serikali kuziondolea VAT zile za chini ya 250 cc mwaka 2008, baiskeli ya gia moja ndiyo iliyobeba samaki, maji, abiria na miwa katika sehemu hizi. Itazame kwa karibu. Keria ya nyuma imeongezewa nondo na fundi wa kuchomelea. Mzigo umekazwa kwa blada, vile vipande virefu vya tyubu kuukuu, na mafundo yamewekwa upande ambao mkono utayafikia bila kuiangusha baiskeli. Breki ni za fito. Mwenye mzigo huo akitoka ufuoni Homa Bay kwenda Rongo kupitia Rodi Kopany, ziwa, ambalo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, linabaki chini yake, kwani barabara inapanda. Hangoji kilima kimkamate. Anajenga kasi kwenye tambarare, anainuka kitini na kukanyaga kwa uzito wa mwili, halafu, kabla magoti hayajaanza kulalamika, anashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Kushuka huko ndiko ninakokusifu kuliko yote. Ni uamuzi uliofanywa mapema, na mtu aliyeufanya hufika juu akiwa na nguvu za kuendelea hadi Awendo.

Kuna pingamizi nzito hapa, na haifai kuipita juu juu. Wabebaji hao hawakuchagua gia moja; walikuwa nayo kwa sababu ya umaskini, na wengi walipopata pikipiki hawakugeuka nyuma. Ni kweli, na asiyewahi kubeba gunia hana haki ya kuwalaumu. Sisifu mzigo, wala sitaki yeyote arudishwe kwenye mzigo huo. Ninachosema ni kwamba maarifa yaliyopatikana kwa shida ni maarifa bado, na ni hasara kubwa mzee anayejua kilima kipi hupandwa kwa kasi na kipi kwa miguu akikaa kimya huku kijana akilipia mafunzo yale yale mtandaoni. Wengine watasema Black Mamba ina friwili, hivyo si baiskeli ninayoizungumzia. Tofauti hiyo ipo, nayo huonekana mteremkoni. Kwenye kupanda, hata hivyo, na katika kugawa nguvu za siku nzima, somo ni lile lile.

Mteremko wenyewe ndio udhaifu halisi wa baiskeli isiyo na friwili, na anayeuficha anawahatarisha watu. Hata ukiweka meno 20 nyuma badala ya 18, jambo ambalo ningemshauri kila mgeni alifanye, kasi ya kilomita 45 kwa saa inadai zaidi ya mizunguko 150 kwa dakika. Mguu usiozoea utarushwa kutoka kwenye pedali. Kwa hiyo breki mbili ni lazima, na zisiwe za fito kwenye rimu za chuma, ambazo mvua ya Aprili huzifanya ziteleze. Kijino cha nyuma, yaani kile kigurudumu chenye meno, kifungwe kwa nati yake yenye hesi za kinyume, na cheni ikazwe hadi kidole gumba kikiibonyeza katikati isogee kidogo tu. Kuhusu magoti, nakubali kwamba gia kubwa huyaumiza. Tiba ni hicho kijino cha meno 20 na ile busara ya kushuka na kusukuma, ambayo odaksi haiikatazi.

Ninachokitaka ni kitu cha kufanyika. Narok, jirani yetu, imekuwa mwenyeji wa Migration Gravel Race tangu mwaka 2021, na wageni wanatoka mbali kuja kupanda vilima vya Mara. Upande wa ziwa una barabara inayofaa kwa safari tulivu zaidi: Isebania, Migori, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay, Mbita. Ukienda na kurudi unaivuka kilomita 200 kabla hujafika nyumbani. Safari hiyo iwe na kundi la gia moja, lenye friwili na lisilo nayo, na waliowahi kubeba samaki kwenye njia hiyo walipwe kuwafundisha washiriki jioni ya kuamkia safari, baiskeli zikiwa zimepinduliwa chini na visanduku vya vijino vikiwa wazi, ili kila mmoja achaguliwe kijino kinachoufaa mwili wake.