Sifa za Mpanga Nasaba

Mzee wa ukoo hapa Funyula, Busia, hahukumu undugu kwa sura. Kijana akileta habari za mchumba, swali la kwanza si urefu wa binti wala rangi yake. Ataulizwa: ni wa ukoo gani? Mama yake alitoka wapi? Bibi yake alizaliwa upande upi wa mpaka, maana Wasamia wako Kenya na wako Uganda? Wawili wanaofanana kama mapacha huweza kuoana, na wawili wasiofanana hata ukucha wakakatazwa. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyohiyo kwa wadudu, nao ndio ninaotaka kuwasifu.

Chukua trikoptera. Katika mito yetu, chini ya jiwe penye maji ya kasi, hupatikana kijumba cha chembe za mchanga zilizogandishwa kwa hariri, au wavu mdogo uliotegwa kunasa makombo yanayopita. Aliyejenga ni buu. Akikomaa hutoka majini akiwa mfano wa nondo mdogo, mabawa yamejaa vinywele, na usiku hukimbilia taa. Wataalamu wamekwisha kueleza aina zaidi ya 16,000 duniani.

Anafanana na nondo, naye kweli ni jamaa yake: hakuna kundi la wadudu lililo karibu zaidi na nondo na vipepeo. Lakini fundi hakuyapata hayo kwa kutazama sura. Alishika alama ndogo zilizorithiwa. Mabuu wa pande zote mbili hutoa hariri mdomoni. Unga wa bawa la kipepeo ni magamba, na magamba hayo ni vinywele vilivyobadilika. Tena, kwa wadudu wengi, kama kwa binadamu, dume ndiye mwenye kromosomu za jinsia zisizolingana. Kwa vipepeo na trikoptera ni jike. Alama adimu kama hiyo ina uzito kuliko mifanano kumi ya juujuu.

Sura ilikwisha kumponza mtu mwenye macho makali. Mwaka 1834 Mmarekani Isaac Lea, bingwa wa konokono, alieleza konokono mpya aliyejipamba kwa mchanga. Hakuwa konokono. Kilikuwa kijumba cha buu wa trikoptera, kilichozungushwa kikawa mfano wa kombe.

Ndiyo maana kazi hii haina haraka. Ili kutaja aina, fundi hukata ncha ya tumbo la dume, huiloweka katika dawa kali inayoyeyusha nyama na kuacha ganda, kisha huchora chini ya hadubini kila kikonyo cha viungo vya uzazi. Akitaka kujua buu fulani ni mtoto wa nani, humtafuta bundo, yaani buu aliyejifungia ili ageuke mdudu mzima, aliyekaribia kutoka. Katika kijumba kimoja atakuta vipande vya ngozi ya utotoni na, ndani ya bundo, viungo vya utu uzima vilivyokwisha kuumbika. Utoto na utu uzima vimetoa ushahidi mahali pamoja. Leo DNA huongeza shahidi mwingine, ila nayo hudai mtu anayejua anauliza nini.

Nasaba ikishapangwa, ramani huanza kusema. Mwaka 1956 Herbert Ross wa Marekani aliitumia nasaba ya trikoptera wa milimani kufuatilia njia walizoenea kutoka bara hadi bara. Mwaka 1966 Lars Brundin wa Sweden alifanya hivyo kwa jamaa ya wale wadudu wanaopaa mawingu mawingu juu ya Ziwa Victoria. Alionyesha kwamba matawi ya ukoo wao, kutoka Amerika Kusini hadi Australia, New Zealand na kusini mwa Afrika, yanafuata kuvunjika kwa bara moja kuu la kale. Mdudu asiyeweza kuvuka bahari alibebwa na ardhi yenyewe.

Hapa Busia swali ni dogo kwa eneo, si kwa uzito. Mto Sio huingia Ziwa Victoria. Mto Malaba, unaopata maji yake kutoka Mlima Elgon, huelekea Ziwa Kyoga, na maji ya Sio hukutana na ya Malaba huko baada ya kuzunguka kupitia Jinja. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Basi trikoptera wanaoishi ziwani leo ni wazao wa waliosalia mitoni na mabwawani. Wa Sio na wa Malaba walitengana lini, na nani kati yao aliyerudi ziwani? Mchoro mmoja wa tumbo la dume kutoka kila mto ndio mwanzo wa jibu.

Tunawapa sifa wepesi wa kugundua vitu vipya. Mpanga nasaba anastahili sifa kwa jambo gumu zaidi: anaziona sura mbili zinazofanana, anazuia ulimi, anaendelea kuuliza. Akisema “hawa ni ndugu”, amekwisha kuuliza maswali ambayo sisi wengine tungeyaruka.