11,000 za Kwenye Karatasi

Kuagiza chembe sahani kwa yule mgonjwa wa ngiri lilikuwa kosa, tena kosa la wazi. Mliohudhuria wasilisho la kisa chake mliiona FBP: chembe sahani 11,000, hemoglobini sawa, seli nyeupe sawa. Muuguzi alishaandika kwamba fizi hazivuji, ngozi haina petekia, na jino liling'olewa mwezi uliopita bila taabu. Kazi safi.

Hapo ndipo daktari alipopaswa kusita. Mtu mwenye 11,000 za kweli anaweza kukosa hata doa moja, lakini akikosa, kuna swali la kuuliza. Na chini ya tarakimu mashine yenyewe ilionya: huenda kuna mabonge. Slaidi ya damu ingechukua dakika chache. Badala yake ikajazwa fomu ya benki ya damu, upasuaji ukaahirishwa, na prednisoloni ikaanza kana kwamba ITP imeshathibitishwa. Nani aliyeweka jicho kwenye darubini? Hakuna.

Mnajua kinachotokea. EDTA ya chupa ya zambarau hunasa kalsiamu, glikoprotini IIb/IIIa hubadilika umbo, na wenye antibodi za aina fulani chembe zao hushikamana ndani ya chupa. Mwilini hakuna tatizo lolote. Mashine inayohesabu kwa ukubwa hailihesabu bonge kama chembe sahani, hata ikilishuku, kama isivyozihesabu chembe kubwa za ugonjwa walioueleza Bernard na Soulier mwaka 1948. Nimelipigia kelele jambo hili tangu maabara zetu zilipoanza kuifanya slaidi kuwa kazi ya kufanywa ikiombwa tu, na sitanyamaza.

Bizzozero, kule Torino mwaka 1882, alizitazama chembe hizi zikipita katika mishipa ya wanyama walio hai. Mwaka 1906 James Homer Wright alizifuata hadi kwenye megakariositi za uboho, kwa rangi aliyoitengeneza mwenyewe, na hadi leo tunaitumia. Kwao hesabu isiyotazamwa isingekuwa hesabu.

Siku ya tatu ndipo mtu alipotoa damu kwenye chupa ya bluu. Sitrati ikasoma 180,000. Ongeza sehemu ya kumi, maana maji yake huizimua damu, unapata 198,000. Mifuko miwili ilishaingia mshipani kwa mtu asiyeihitaji. Mfuko wa chembe sahani hudumu siku 5 tu, kwa nyuzi 20 hadi 24, ukitikiswa muda wote, na wodi ya leukemia ilikuwa imeomba mifuko wiki hiyohiyo ikajibiwa kwamba imekwisha.