Hesabu ya Nyumbani na Hesabu ya Shuleni

Msomaji, ikiwa ulipata kuketi mbele ya ubao siku ile mwalimu alipoandika herufi mahali pa tarakimu, ukahisi moyo wako unazama, basi insha hii imeandikwa kwa ajili yako. Wanafunzi wengi hujihukumu siku hiyo. Husema, "Akili yangu haikuumbiwa hisabati," na tangu hapo huacha mlango umefungwa bila ya kuusukuma hata mara moja. Nataka kuikatia rufani hukumu hiyo. Kwa maoni yangu, kosa aghalabu si la akili ya mtoto. Ni kosa la daraja lililovunjika kati ya hesabu aliyotoka nayo nyumbani na hesabu aliyoikuta shuleni.

Tuanzie Itumbe, katika vilima vya Gusii, nchi ya chai na migomba. Mtoto wa huko haingii shule mikono mitupu. Akitupa jicho kikapuni penye mayai matatu, hujua kuwa ni matatu bila ya kuyagusa moja moja. Kipawa hicho si cha watoto wa Gusii peke yao. Mwaka 1992 mtaalamu mmoja wa Marekani, Karen Wynn, alitangaza uchunguzi wake juu ya watoto wachanga wa miezi 5. Waliona mwanasesere mmoja akifichwa nyuma ya pazia, kisha wa pili akiongezwa. Pazia lilipoondolewa akaonekana mmoja tu, walikodoa macho kwa muda mrefu kuliko walipoonekana wawili. Walikuwa hawajui kusema, lakini walihisi kuwa jambo haliendi sawa.

Walakini mbegu si mti. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha jinsi mti huu unavyokua polepole. Panga maharage sita katika mstari, na mengine sita katika mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Kisha utawanye mstari mmoja mpaka uwe mrefu, umwulize mtoto wa miaka minne upi una mengi. Mara nyingi atauonyesha ule mrefu. Bado urefu na wingi vimechanganyika machoni pake. Ili avitenge, hana budi kushika vitu, kuvigawa, kuvirudisha, na kusikia maneno yanayovitaja.

Na hayo maneno, msomaji, yana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Sikiliza Mgusii akihesabu: rimo, ibere, isato, inye, isano. Halafu husema isano na rimo, isano na ibere, isano na isato. Kisha kianda, na mwisho ikomi. Sita kwake ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nane ni tano na tatu. Mtoto asemapo saba kwa Ekegusii huwa amekwisha kufanya hesabu ya kujumlisha kwa ulimi, naye aweza kuithibitisha kwa vidole: mkono mzima na vidole viwili vya mkono wa pili.

Linganisha na Kiswahili chetu. Maneno sita, saba na tisa tuliyapokea kutoka Kiarabu. Wazee walisema tandatu, fungate na kenda. Fungate limebaki katika siku saba za arusi, na kenda ni ndugu wa damu wa kianda cha Wagusii. Sidai kuwa lugha moja ni bora kuliko nyingine, maana Kiswahili nacho hufunua hesabu kinaposema kumi na moja, kumi na mbili. Nasema tu kwamba neno saba halimwambii mtoto lolote juu ya umbo la namba ile. Isano na ibere humwambia.

Sasa tazama yanayotokea. Utaratibu wa elimu ya Kenya umeelekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa, na Kiingereza kishike kazi kuanzia darasa la nne. Utaratibu huo ni wa busara. Lakini shule nyingi huona haya kuufuata, na wazazi wengi hufurahi kumsikia mtoto wa miaka mitano akitaja namba kwa Kiingereza kama kasuku. Hivyo mtoto huvuliwa vazi linalomfaa, akavikwa lisilomfaa, kisha tukamcheka kwamba hajui kutembea.

Afrika ya Mashariki imepata kufanya kosa la namna hii kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, wa Marekani na wa Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Haki yao tuwape: walichukia kukariri pasipo kuelewa. Walitaka mtoto alinganishe mkusanyo wa vitu na mkusanyo mwingine kabla hajafundishwa kanuni, na jambo hilo ni jema. Lakini vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, vikajaa istilahi za seti ambazo hazikujulikana nyumbani kwa mtoto, na walimu wengi wakatakiwa kufundisha mambo ambayo wao wenyewe hawakufundishwa. Wazazi waliotaka kusaidia walikuta hawawezi kuusoma hata mstari mmoja. Mwaka 1981 Kenya iliiacha hisabati mpya.

Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya Wakpelle wa Liberia, ambako hisabati mpya ilikuwa ikipelekwa. Waliona kwamba mkulima asiyesoma aliweza kukisia vikombe vya mchele vilivyomo katika chombo kwa usahihi kuliko Mmarekani aliyesoma. Wakashauri kwamba mwalimu aanze na hesabu ambayo watu wanayo. Ushauri huo haujazeeka.

Huenda utauliza, "Vidole na maharage vinahusianaje na aljebra?" Jibu limo katika alama ndogo uliyoiandika mara elfu, alama ya usawa. Robert Recorde wa Wales aliitunga mwaka 1557, akachagua mistari miwili sambamba kwa kuwa aliona hapana vitu viwili vilivyo sawa zaidi. Lakini mtoto aliyezoezwa miaka mingi kuandika majibu tu huisoma kana kwamba inasema "andika jibu hapa." Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita walipewa swali hili: 8 + 4 = □ + 5. Wote waliandika 12 au 17. Hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Walijua kujumlisha, ila hawakujua maana ya kuwa sawa. Mwanafunzi wa namna hiyo akiingia aljebra hupotea, hata awe na bidii gani, kwa kuwa mlinganyo kwake hauna pande mbili.

Basi rudi Itumbe, umfuate mama anayepeleka majani mabichi ya chai kituoni. Mfuko unaning'inizwa kwenye mizani. Tuseme mizani inasoma kilo 14, na mfuko mtupu una uzito wa kilo 1. Kila mtu pale anajua kwamba uzito wa mfuko lazima uondolewe ili yapatikane majani yenyewe, na mama atakuwa mkali iwapo karani ataondoa zaidi ya haki. Ukiyaita majani hayo x, umeandika x + 1 = 14. Akiwa na mifuko mitatu iliyo sawa, na jumla ikawa kilo 42, umeandika 3x + 3 = 42. Toa mifuko mitupu, yabaki 39. Gawanya kwa tatu, upate 13. Herufi ile uliyoiogopa ilikuwa ni majani ya chai yaliyokuwa bado hayajajulikana uzito.

Ndivyo sayansi hii ilivyoanza. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu na mwaka 820, hakutumia x wala alama ya usawa. Alieleza kila kitu kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi. Aljebra ilitamkwa kwa lugha ya watu kabla ya kuandikwa kwa alama.

Lakini nisikudanganye. Hesabu ya nyumbani haitoshi. Hapana kikapu kitakachokuonyesha kwa nini hasi mara hasi ni chanya, wala mizani itakayopima kipeo cha pili cha x. Hapo ndipo shule inapostahili heshima yake, kwa sababu hukuvusha kutoka kitu mpaka wazo. Jedwali la kuzidisha nalo lina faida, na anayelijua kwa moyo huipumzisha akili yake kwa kazi kubwa zaidi. Ninalolaumu ni kuvushwa bila ya daraja.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposhindwa na swali kesho, usikimbilie kujihukumu. Rudi nyuma mpaka ufike mahali ulipokuwa unaelewa, iwe ni kwenye alama ya usawa au kwenye vidole vyako, ulitamke swali kwa lugha ya mama yako, kisha uanze safari upya. Na ikiwa una mdogo wako nyumbani anayehesabu kwa Ekegusii, au kwa lugha yoyote aliyozaliwa nayo, usimkatize kumfundisha maneno ya kigeni. Mwache amalize kwanza, nawe usikilize.