Kivuli Kabla ya Fahari: Somo la Beda Amuli kwa Wajengao Makanisa

Wazee wa usharika wanapokutana kuzungumzia jengo jipya la ibada, neno la kwanza kutajwa huwa ni mnara, na la pili ni madirisha ya vioo. Ni mara chache tumesikia mtu akiuliza ni wapi atakapoketi mama mwenye mtoto mgongoni, jua la Oktoba litakapolipiga bati. Katika makala hii twakusudia kulitafakari swali hilo kwa kuitazama kazi ya msanifu majengo Mtanzania, marehemu Beda Jonathan Amuli.

Amuli alizaliwa mwaka 1938, akasomea usanifu wa majengo huko Haifa, Israeli, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni kabisa kwa Mwafrika wa nchi zetu. Alifariki mwaka 2016. Kazi iliyomtambulisha ni Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1971 na kukamilika mwaka 1974. Mwalimu Nyerere alilifungua rasmi tarehe 8 Desemba 1975.

Amuli alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa kisasa, ule unaotumia zege bila kulificha na kukataa mapambo yasiyo na kazi. Lakini hakuchukua sanduku la zege la nchi za baridi na kulitua Kariakoo. Alijua kwamba soko la Kiafrika huanza chini ya mti. Basi akasimamisha nguzo zinazopanuka juu mithili ya miavuli mikubwa. Miavuli hiyo hutoa kivuli na kuyakusanya maji ya mvua, nayo hewa yapita kati yake na kutoka na joto. Chini yake mna ngazi, vizimba, na sehemu ya chini ya ardhi ambayo wafanyabiashara wenyewe huiita shimoni. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo mahali palipoitwa kwa jina la wabeba mizigo, Amuli aliwajengea wabeba mizigo kivuli.

Hata hivyo, sifa hizi zisitufumbe macho. Kwanza, zege la namna ile ni ghali, wala hatumshauri mtu yeyote kuiga miavuli hiyo hapa Mpanda. Pili, jengo linalotegemea hewa hudai nafasi iachwe wazi, na katika Kariakoo wafanyabiashara waliongezeka na bidhaa zikajaza njia. Mchoro mwema hauwezi kujilinda wenyewe. Wahitaji watunzaji wanaoielewa nia yake. Moto ulipoliunguza soko hilo tarehe 10 Julai 2021, wengi walipoteza mitaji yao, na taifa likakumbushwa thamani ya paa lile.

Tuseme sasa habari za kwetu. Katika usharika mmoja hapa Kawajense tulihudumu ndani ya jengo lililonakiliwa kutoka picha ya kanisa la nchi ya baridi: madirisha membamba, vioo visivyofunguka, bati bila dari. Ibada ilipofika katikati, akina mama walitoka mmoja mmoja na kuketi chini ya mwembe. Sisi tuliona ni utovu wa uchaji, tukawakemea kutoka mimbarani. Baada ya ibada bibi mmoja alitujia akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, Neno twalisikia pale mwembeni. Humu ndani twasikia joto tu." Hatukuwa na jibu. Aliyestahili kukemewa hakuwa yeye.

Torati yaagiza, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, kwamba mwenye kujenga nyumba azungushie dari lake ukuta, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tuangalie kwamba sheria hii haitaji uzuri wa nyumba wala ukubwa wake. Yataja mwili wa jirani. Naye Luther alifundisha kwamba kazi ya fundi ni wito, kwa kuwa kwayo jirani huhudumiwa. Kwa hiyo dirisha lisilofunguka si kosa la ufundi peke yake. Ni mahali ambapo upendo kwa jirani haukuulizwa.

Usharika huo sasa wakusudia kulipanua jengo lake, na katika mchoro uliopendekezwa mwembe ule wang'olewa ili kupisha mnara. Sisi twashauri mnara ungoje. Fedha iliyopo na itumike kwa madirisha mapana pande zinazotazamana, matundu ya hewa chini ya paa, baraza pana, na tangi la kuvuna maji ya masika. Mambo haya fundi wa Kawajense ayaweza kwa matofali na mbao alizozizoea. Nao mwembe uachwe, na baraza lielekezwe kwake.

Kabla ya kuupitisha mchoro, kamati ya ujenzi na imwite bibi yule. Aulizwe yeye kwanza ni wapi angependa kuketi.